NENO LILILOSAHAULIWA: FURAHA YA KULIPATA NA AMANA YA KULITUNZA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni maneno. Sikusudii maneno ya kusengenya, hayo tumeshayasema sana. Nakusudia neno lililosahauliwa. Neno ambalo babu alikuwa akilisema kila siku bila kufikiri, na leo mjukuu akilisikia anauliza, "Hiyo ni lugha gani?"

Wanavyuoni wetu walikuwa na jina la maneno ya namna hiyo. Waliyaita gharib. Kwa Kiarabu gharib ni mgeni, mtu aliye mbali na kwao. Basi neno gharib ni neno lililo mbali na masikio ya watu. Na kama ilivyo kwetu kwamba mgeni hafukuzwi mlangoni bali hukaribishwa akaulizwa habari za atokako, wao waliliona neno gharib lina haki ya kukaribishwa na kuulizwa. Ikazaliwa elimu nzima: Gharib al-Qur'an, elimu ya maneno adimu ya Qur'ani, na Gharib al-Hadith, elimu ya maneno adimu ya hadithi. Watu walimaliza umri wao ndani ya elimu hiyo. Na kama tutakavyoona, walikuwa na furaha kubwa.

Tafadhali soma mpaka mwisho, kwa sababu habari hii itaanzia Makka na Madina lakini itafika mpaka nyumbani kwa bibi yako.

1. KISIMA CHA MABEDUI WAWILI

Abdullah bin Abbas (radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake) ni binamu wa Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam). Mtume alimwombea dua kwa Allah ampe ufahamu wa dini na amfundishe tafsiri. Umma ukamwita mfasiri wa Qur'ani. Sasa sikiliza mtu huyo anavyosema juu ya nafsi yake.

Imepokewa kuwa Ibn Abbas alisema hakuwa akijua barabara maana ya neno Faatir, lile tunalolikuta mwanzoni mwa sura ya 35, katika kumsifu Allah aliyeumba mbingu na ardhi. Siku moja wakamjia mabedui wawili wakigombania kisima. Mmoja akasema: mimi ndiye niliyekifatiri! Yaani mimi ndiye niliyekianza, kabla yangu hapakuwa na kisima mahali hapa. Hapo Ibn Abbas akaipata. Faatir si muumba tu kwa maana ya jumla, bali ni Mwenye kuanzisha kitu ambacho hakikutanguliwa na mfano wowote.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Bedui yule hakuja kufundisha. Alikuja na vumbi lake na hasira zake kutaka haki ya maji. Wala hakujua kwamba neno lililomtoka katika ugomvi lingebaki katika vitabu vya tafsiri mpaka leo.

Na si huyo peke yake. Katika sura ya Al-A'raf, aya ya 89, Nabii Shu'ayb (amani iwe juu yake) anamwomba Mola wake kwa neno iftah, ambalo wengi wetu tunalijua kwa maana ya "fungua". Ibn Abbas anasimulia kuwa maana yake hapo hakuijua mpaka alipomsikia binti wa Dhu Yazan, katika kuzozana na mumewe, akimwambia njoo nikufatihi, yaani twende kwa hakimu atuamue. Basi dua ile ni ya kuomba hukumu ya haki baina ya Nabii na watu wake. Maana hiyo aliipata kwa mwanamke aliyekuwa akigombana na mumewe!

2. MZEE WA HUDHAYL ALIYESIMAMA MSIKITINI

Wafasiri wameinukuu habari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake) kuwa alikuwa juu ya mimbari akawauliza watu juu ya neno takhawwuf, lililomo katika sura ya An-Nahl, aya ya 47. Watu wakanyamaza. Akasimama mzee mmoja wa kabila la Hudhayl akasema: hiyo ni lugha yetu sisi, takhawwuf ni kupungua kidogo kidogo. Umar hakuridhika haraka. Akamwuliza kama Waarabu wanalijua hilo katika mashairi yao. Mzee akasema ndiyo, akamsomea shairi linaloeleza jinsi safari ilivyoila nundu ya ngamia, kama tupa inavyoula mti. Ndipo Umar akawausia watu wayashike mashairi yao ya zamani, kwa sababu ndani yake kuna tafsiri ya Kitabu chao.

Neno hilo linafanana na khawf, hofu, na wapo wafasiri walioifuata maana hiyo. Lakini angalia maana ya mzee wa Hudhayl inavyotikisa moyo. Mtu anaweza kuadhibiwa bila ngurumo wala tetemeko. Anapunguziwa tu. Leo baraka ya wakati, kesho utulivu wa nyumba, baadaye ladha ya swala. Kila siku kipande, na yeye anadhani yuko salama. Allah atuhifadhi.

Sasa jiulize: ingekuwaje kama mzee yule angefariki mwaka mmoja kabla? Au kama vijana wa Hudhayl wangekuwa wameshaona haya kusema kama wazee wao?

3. USIKU WA FURAHA WA ABU UBAYD

Baada ya Maswahaba likaja tabaka la wakusanyaji. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman, ndiye aliyepanga kamusi ya kwanza ya Kiarabu katika karne ya 2 ya Hijra. Akaipanga kwa mahali sauti inapotokea, akianzia ndani kooni kuja mdomoni, na kwa kuwa herufi aliyoitanguliza ni 'ayn, kitabu kikaitwa Kitab al-'Ayn. Al-Asma'i alikuwa akiwafuata mabedui jangwani, akisikiliza na kuandika jinsi wanavyotaja mimea, farasi, mvua na visima.

Lakini ninayempenda zaidi katika mlango huu ni Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, aliyefariki Makka mwaka 224 wa Hijra, sawa na mwaka 838 wa Miladi. Alizaliwa Herat, mji uliopo leo Afghanistan, na baba yake alikuwa mtumwa wa Kirumi. Mtoto wa mtumwa asiye Mwarabu ndiye aliyekuja kuwaeleza Waarabu maneno magumu ya hadithi za Mtume wao! Wameandika juu yake kuwa aliugawa usiku mafungu matatu: fungu la swala, fungu la kulala, na fungu la kuandika.

Abu Ubayd ameeleza kuwa kitabu chake cha Gharib al-Hadith alikitunga kwa miaka 40. Wakati mwingine alikuwa akipata faida moja tu kutoka vinywani mwa watu, akaiweka mahali pake kitabuni, basi usiku ule hapati usingizi kwa furaha ya ile faida. Kisha akawageukia wanafunzi akawaambia kwa maana hii: nyinyi mmoja wenu akikaa nami miezi minne au mitano anasema ameshakaa sana!

Subhaanallah. Sisi leo tunakosa usingizi kwa deni, kwa mpira na kwa simu. Yeye alikesha kwa neno moja. Na furaha ile haikuwa ya mtu aliyepata kitu cha kujivunia. Hadithi ya Mtume wake ilikuwa na mlango umefungwa, na yeye kapata ufunguo. Ndiyo maana usingizi ulimruka.

4. LAKINI FURAHA HII INA MIPAKA

Nisiwafiche upande wa pili. Huyo huyo Sayyidna Umar alisoma sura ya Abasa akafika aya ya 31, ambapo Allah anataja matunda na abb. Akasema matunda tunayajua, je abb ni nini? Kisha akajirudi mwenyewe, akasema huku ni kujikalifisha. Wanavyuoni wameeleza kuwa Umar alijua kuwa abb ni mmea unaoota ardhini, na aya inayofuata inasema ni manufaa yetu na ya wanyama wetu. Alichotaka kukijua ni aina yake hasa. Akaona kuwa linalotakiwa kwake ni kushukuru neema, na jina la jani lisimshughulishe akasahau shukrani.

Na al-Asma'i, pamoja na bahari yake ya lugha, akiulizwa neno la Qur'ani alikuwa akiogopa. Alikuwa akieleza Waarabu wanavyolitumia, kisha anajizuia kukata kauli kuwa ndilo alilokusudia Allah.

Yuko pia Nafi' bin al-Azraq. Huyu alimjia Ibn Abbas mbele ya Al-Kaaba pamoja na mwenzake Najda, wakamwuliza neno baada ya neno la Qur'ani, na kila neno wakitaka ushahidi wa mashairi ya Waarabu. Wakamwuliza, mfano, izin iliyomo katika Al-Ma'arij, akawajibu kuwa ni makundi ya watu waliokaa duara. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ameyaandika maswali hayo katika Al-Itqan, nayo yanakaribia 190, ijapokuwa wanavyuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi zake. Maswali mazuri sana. Lakini muulizaji huyo alikuja kuliongoza kundi la Azariqa, waliowakufurisha Waislamu waliowapinga na kumwaga damu zao, mpaka akauawa mwaka 65 wa Hijra.

Basi shika hapa, ndugu yangu: unaweza kuyajua maneno yote magumu na moyo ukabaki mgumu kuliko hayo maneno. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) amewakemea wanaojitanua vinywa kwa maneno ili waonekane. Tafuta neno ili likupe maana. Ukilitafuta ili umtie mwenzako ujinga mbele za watu, limeshakudhuru.

5. TURUDI NYUMBANI

Sasa tuje kwetu Uswahilini. Sisi nasi tuna maghariba wetu, na baadhi yao wamejificha ndani ya maneno tunayoyasema kila siku.

Chukua hesabu. Sita, saba na tisa tumeyachukua kwa Waarabu: sitta, sab'a, tis'a. Kabla yake wazee walisema tandatu, fungate na kenda. Majirani zetu Wazigua mpaka leo sita kwao ni mtandatu na saba ni mfungate. Kwa Waswahili, fungate haikufa. Ilikimbilia chumba cha maharusi. Tunasema fulani yuko fungate, na wengi hawajui kuwa wanataja namba saba! Ni zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Na katika hadithi ya Anas (radhi za Allah ziwe juu yake), ni sunna kwa mwenye mke akioa bikira akae kwake siku saba kisha ndipo agawe zamu. Sisemi kuwa jina la fungate limetokana na hadithi hiyo. Nasema tu kwamba saba imekutana na saba, na mtu akilijua hilo hufurahi.

Chukua siku za wiki. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, na mosi ni neno la kale la "moja". Kisha Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumatano, siku ya tano. Kesho yake tunasema Alhamisi, nalo ni la Kiarabu, na ndani yake mna tano vilevile, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina tano mbili zilizolala jirani! Waambie watoto wa chuoni uone watakavyocheka, na hawatasahau.

Na sasa kubwa lao: miezi. Kijana wa leo akisikia "Mfungo Sita" anadhani ni habari ya kufunga. Wazee waliposema Mfunguo Mosi walikusudia kufungua. Ramadhani ikiisha watu wanafungua, na mwezi wa kwanza wa kufungua ni Shawwal. Kwa hiyo:

Mfunguo Mosi ni Shawwal.
Mfunguo Pili ni Dhul Qa'da.
Mfunguo Tatu ni Dhul Hijja.
Mfunguo Nne ni Muharram.
Mfunguo Tano ni Safar.
Mfunguo Sita ni Rabi'ul Awwal, mwezi wa maulidi.
Mfunguo Saba ni Rabi'ul Akhir.
Mfunguo Nane ni Jumadal Ula.
Mfunguo Tisa ni Jumadal Akhira.

Kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe.

Angalia akili ya wazee wetu. Mwaka wa Kiislamu unaanza Muharram, na hilo walilijua. Lakini katika maisha yao ya kila siku waliufanya mwaka uzunguke Ramadhani, kama watu wanaohesabu hatua kutoka mlango wa msikiti. Ukiuliza mwezi gani huu, jibu lenyewe linakukumbusha ni muda gani umepita tangu uliposimama tarawehe mara ya mwisho.

Na hesabu hiyo ina kazi katika fiqhi. Miezi ya Hija ni ipi? Mfunguo Mosi, Pili na Tatu, imekwisha. Mwanamke kafiwa na mumewe usiku wa kuandama Mfunguo Nne, eda yake ni miezi minne na siku kumi: hesabu Nne, Tano, Sita, Saba, kisha siku kumi ndani ya Mfunguo Nane. Bibi asiyejua kusoma anaihesabu kwa vidole bila kalenda. Mjukuu mwenye simu ya bei kubwa anakwama, kwa sababu mwezi wa kifo alioambiwa na bibi haujui ni upi. Hapo si utamu wa lugha tena. Hapo ni hukumu ya Allah, na neno ndilo lililoibeba.

Kuna neno chechele. Mtu anatoka nyumbani kwenda kwa jirani, mawazo yako mbali, anapita nyumba aliyokuwa akiiendea bila kujua. Wazee husema kachukuliwa na chechele. Ni mara ngapi chechele linatuchukua ndani ya swala? Umeanza Al-Fatiha, ukazinduka uko kwenye attahiyyatu. Baadhi ya salafu walimshukuru Allah kwamba katika sura ya Al-Maa'un onyo limekuja kwa wale wanaosahau kuhusu swala yao, yaani wanaoipuuza, halikuja kwa wanaosahau ndani ya swala. Kwa Kiarabu tofauti ni herufi, 'an na fi. Kwa Kiswahili neno "kusahau" linatuchanganyia yote mawili, lakini chechele linatupa la pili peke yake. Mwenye chechele ana dawa yake, nayo ni kujitahidi kuhudhuria moyo, na sijda ya kusahau akipunguza au akizidisha. Mwenye kupuuza swala anahitaji toba.

Na kuna leo, kesho, keshokutwa. Baada ya keshokutwa? Wengi leo wanasema "siku inayofuata". Wazee walikuwa nayo: mtondo, na baada yake mtondogoo. Waliipa jina kila siku iliyo mbele yao. Nasi katika sura ya Al-Hashr, aya ya 18, tumeamrishwa kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, na kesho hiyo ni Akhera. Tumesahau mtondo si neno, lakini tusisahau kesho.

6. NANI ATAYATUNZA?

Sikiliza kisa hiki kimoja cha kwetu. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Kizazi kimoja tu baadaye, maneno yake mengi yalikuwa yameshaanza kuwa magumu kwa watu wa mji wake mwenyewe. Aliyeyaokoa ni mwanachuoni wa hapohapo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Aliyakusanya mashairi kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na akayaeleza maneno yake kwa mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyekuwa akiandika kila analoambiwa. Karatasi za Taylor ziko London mpaka leo, na kutokana nazo diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940.

Jina lake Sikujua, na yeye ndiye aliyejua! Lakini lipo la kuuma hapa. Aliyekuja kuuliza kwa kalamu mkononi alikuwa mgeni wa dini nyingine. Watoto wa mji walikuwa wapi? Hatumlaumu aliyeuliza. Tujilaumu tusiouliza.

Alhamdulillah, baadaye walitokea wetu. Mzee Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alitumia umri wake kuyakusanya maneno ya kale na kuyarudisha kazini. Allah amrehemu.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, uliza. Usiku mmoja wa wiki hii zima simu, kaa na mzee wa nyumbani kwenu. Muulize majina ya upepo, ya sehemu za jahazi, ya hatua za nazi kutoka kidaka mpaka kuiva, ya vyombo vya jikoni ambavyo havipo tena.

Pili, andika, tena andika kwa adabu ya watu wa hadithi: neno, sentensi aliyolisemea, nani kalisema na ni mtu wa wapi. Neno lisilo na msemaji ni kama hadithi isiyo na isnadi.

Tatu, thibitisha. Umar alimtaka mzee wa Hudhayl ushahidi, na yeye ni Umar. Kila linalosambazwa si kweli, hata likiitwa Kiswahili cha kale.

Nne, litumie. Neno haliishi kitabuni, linaishi mdomoni. Mwambie mwanao "tutakwenda mtondo", akuulize, umjibu.

Tano, usimcheke mzee kwa anavyosema. Wallahi, yule unayemcheka huenda ndiye mzee wa Hudhayl wa mtaa wenu, na ufunguo anao yeye peke yake.

Ibn Abbas, bahari ya elimu, hakuona haya kufundishwa na bedui wa kisimani wala na mwanamke mwenye ugomvi. Basi wewe na mimi tuna haya gani kumwuliza bibi?

Ewe Allah, tupe ufahamu wa Kitabu chako. Warehemu wazee wetu waliotutangulia na waliotufundisha kusema kabla hatujajua kusoma. Zihifadhi ndimi zetu na uongo, matusi na majivuno, na uzijaalie ziwe zenye kukutaja. Aamiin.

Ukiwa na neno la wazee wa kwenu, liandike hapa chini pamoja na mji wake, tufaidike sote. Na ukiona kuna faida, mpelekee mwenzako.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.